Mwaka wa Koo la Baba

Mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu pale Kakonko, walinikalisha meza moja na mzee mwembamba aliyevaa suti ya kijivu iliyomzidi mabega. Ukumbi ulikuwa na joto, mshereheshaji hana breki, na pilau lilifika wakati sisi wageni tumekwisha kulikatia tamaa. Mzee alikuwa anakula polepole, anachambua nyama kwenye mfupa kwa uma, kwa ustadi ulionifanya nimtazame mikono. Mikono ile niliitambua kabla ya sura. Nikamwuliza kama aliwahi kufanya kazi Kibondo. Akasema ndiyo, miaka ya tisini, alikuwa daktari wa upasuaji huko kabla hajahamishwa. Nikamtajia jina la baba, mzee Yeremia Bihuga wa Heru Juu, saratani ya koo la chakula, nikamkumbusha na binti aliyekuja kwa lori la mahindi mara mbili kumwuliza maswali. Akaweka uma chini, akafikiri kwa adabu, akaniangalia kwa huruma. "Simkumbuki, mwanangu. Walikuwa wengi." Kisha akamwomba mhudumu amwongezee kachumbari.

Kwa karibu miaka thelathini nimeishi na maneno ya mtu yule kichwani, neno kwa neno, pamoja na namna alivyokuwa akigonga kalamu mezani, na yeye hakuwa na hata chembe ya kutukumbuka. Sikumkasirikia. Nilishtuka tu, namna mtu anavyoshtuka akikanyaga ngazi ambayo haipo. Mama amekwisha kwenda, baba mkubwa amekwisha kwenda, kaka yangu mambo ya ugonjwa hakuyashuhudia kwa sababu alikuwa kibaruani Uvinza mwaka mzima. Nikaona, pale pale mbele ya sahani ya pilau, kwamba nisipoyaandika haya yatakuwa hayakuwahi kutokea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na pale nyumbani Heru Juu nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyeweza kuninyang'anya, nayo ni sahani ya baba. Kwetu mwanamume akishapata mkwe uani, hali tena mbele za watu. Kaka alipomwoa Ester, baba alihamishia kula kwake chumbani, akafunga mlango, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akitafuna. Mkwe kumwona baba mkwe anafungua mdomo kula ilikuwa aibu kubwa, na sisi wengine tuliingia humo humo kwa heshima, hata mama. Ugali wa muhogo ukiiva, mama anaukata, anaweka sombe, yaani kisamvu, au maharage pembeni, mimi napeleka. Nakohoa mlangoni, naweka sahani juu ya kigoda, natoka. Baadaye nakohoa tena, nachukua sahani tupu. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda cha kamba, koti lake la mvua ukutani, dirisha la mbao lililotazama migomba. Kila kitu mle ndani nilikijua kilipo, na bado sikujua lolote lililokuwa linampata mwenye chumba.

Alianza kukonda tangu mahindi mabichi. Shati likampwaya, mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Tulimpeleka kutibiwa Kasulu mjini mara tatu, na mara zote tatu waliuliza swali lile lile: anakula? Mama alijibu kwa fahari kidogo, "Anakula, anamaliza." Nami nikatia muhuri: "Mimi ndiye ninayechukua sahani." Wakampa dawa ya minyoo, wakampa dawa ya kifua, wakampa za vidonda vya tumbo. Siwalaumu hata kidogo. Walitibu kile tulichowaambia, na sisi tulisema kile tulichokijua, yaani sahani. Baba mwenyewe alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akiitikia kila neno la daktari kwa "Ego, ego," ndiyo ya Kiha, kama mtu anavyomsikiliza mkubwa.

Mara ya nne tukamkuta daktari Mkongo. Mwaka ule Kasulu ilikuwa imejaa Wakongo, sokoni, makanisani, kwa mafundi cherehani, na huyu alikuwa mkimbizi aliyetoka kambini siku mbili kwa wiki kusaidia. Mtu mfupi, mnene, koti jeupe halina vifungo. Alimtazama baba kuanzia miguuni hadi utosini kabla hajaketi.

"Mama, huyu muzee anakula?"

"Anakula vizuri, Daktari. Anamaliza."

"Umemwona na macho?"

Mama akanitazama, nami nikamtazama yeye. "Sahani inarudi tupu," nikasema.

"Siulize sahani, dada. Nauliza kama mulimwona. Nani alimwona? Wewe, muke wake?"

"Kwetu hatumwangalii mtu mzima akila," mama akasema, na nilisikia sauti yake ikikosa nguvu katikati ya sentensi.

Daktari hakubishana. Akamimina maji kwenye kikombe cha plastiki, akampa baba. "Kunywa hapa, muzee. Mbele yangu." Baba akaniangalia, kisha akaangalia ukuta. "Huyu atoke," akasema. Nilikuwa nimekwisha kusimama. "Abaki," daktari akasema. "Yeye ndiye analeta chakula. Aone." Baba akanywa. Funda moja, la pili, akatulia, uso umekaza, na kwa kitambo kidogo nilidhani amekwisha kuyameza. Kisha maji yakarudi. Yalirudi kwa mdomo na kwa pua, yakamwagika kifuani, na yeye akabaki ameshika kikombe kwa mikono miwili, kidevu kinadondoka maji, macho yameelekea chini. Sijawahi kuona aibu kama ile kwa mtu mzima. Daktari akamfuta kwa taulo, taratibu, bila kusema pole. Akamwuliza ugali anautupa wapi.

Baba akamrudishia kikombe. "Kuku," akasema.

Kuku! Mwaka ule kuku wetu walikuwa wanene mpaka jirani alikuja kuomba jogoo wa mbegu. Walishinda chini ya dirisha la baba, na mimi nilikuwa nawafukuza nikidhani wanafuata kivuli cha migomba. Baba alikuwa anakunywa uji mwembamba kwa vijiko, usiku wa manane na alfajiri, kimya kimya, na kila mchana alilisha kuku ugali ili sahani irudi safi na mama asihangaike. Hadi leo sahani tupu siiamini. Mume wangu ananicheka kwa sababu mtoto akiniambia amekula, bado nasimama mlangoni nimwone anatafuna, na watoto wenyewe wamenizoea, wanatafuna kwa makusudi na midomo wazi kunikomoa.

Mkongo aliandika barua, tukaenda Kibondo, ambako kulikuwa na mashine ya picha na daktari wa upasuaji, huyu wa suti ya kijivu. Baba mkubwa Stefano, kaka yake baba, alikwenda nasi kama mkubwa wa ukoo: mtu wa kanisani, sauti nzito, kofia ya pama haivuki siku bila kupigwa brashi. Walimpa baba kinywaji cheupe kizito kama chokaa, wakampiga picha kikiwa kinashuka, au tuseme kikiwa kinashindwa kushuka. Kisha mlango ukafunguliwa na daktari akauliza, "Msemaji wa familia ni nani?" Hakuuliza mgonjwa ni nani. Baba mkubwa akavua kofia, akaingia. Sisi tukabaki kwenye benchi ukumbini, baba katikati, mama na mimi pembeni, na kupitia mlango nilisikia baba mkubwa akipiga makofi ya taratibu ya heshima na kuitikia, ego, ego, ego, kwa kila jambo aliloambiwa. Alipotoka alikuwa amekwisha kuvaa kofia. "Ni uvimbe mdogo," akasema. "Watautoa Mwanza tukijipanga. Twendeni." Baba akapewa kadi yake, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, na njia nzima ndani ya lori, vumbi limetufunika sote, alishika mfuko ule kwa kiganja ili kadi isianguke.

Kesho yake akanipa. "Kaniwekee na vyeti vyako vya shule." Sikuwa na nia ya kuchokonoa. Niliifungua ili niikunje vizuri. Iliandikwa kwa Kiingereza, mwandiko wa haraka, na neno kansa halihitaji kamusi. Yaliyobaki niliyatafuta moja moja, nimekaa stoo juu ya gunia la maharage, kamusi ya shule magotini, mikono imepoa kama niliyetoka mtoni. Koo limezibwa na uvimbe. Upasuaji wa kuuondoa hauwezekani. Ameshauriwa kuwekewa mpira wa kulishia tumboni. Ndugu ameelezwa. Na mstari wa mwisho: kwa ombi la kaka yake, mgonjwa asiambiwe. Niliusoma mstari ule mara nne, nikitumaini nimekosea Kiingereza. Baba alikuwa amesafiri kutwa nzima akilinda kwa kiganja chake karatasi inayosema yeye asijue.

Nilikwenda kwa baba mkubwa siku hiyo hiyo, nikamkuta ananoa jembe. Hakukana. "Mgonjwa haambiwi, Skola," akasema. "Ukimwambia unamkata miguu kabla ya wakati. Nimempa Mwanza. Mtu akiwa na safari ya kusubiri anaamka asubuhi." Nikamwuliza kama kweli tutakwenda Mwanza. Akaendelea kunoa. Leo ninamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka kumwelewa wakati ule. Alimpenda mdogo wake na alimpa kitu pekee alichokuwa nacho, nacho kilikuwa uongo wenye upendo ndani yake. Lakini wakati ule nilimwona mwizi, nikamwambia hivyo usoni, tena kwa Kiha, na kwa Kiha neno hilo linauma zaidi. Akanionyesha njia kwa ncha ya jembe.

Baba hakungoja nijipange. Nilipomletea uji, sasa tunampelekea uji wazi wazi, akaniuliza kadi inasema nini. Nikajibu kwamba Kiingereza chake ni kigumu. Akanitazama. "Tumekusomesha miaka kumi na mmoja," akasema, "na karatasi moja imekushinda?" Nikashindwa kujizuia, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Nikamwambia neno lenyewe. Nikamwambia uvimbe hautolewi. Hakushtuka, au kama alishtuka hakunionyesha. Aliyeshtuka ni mimi, kwa kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema. Uji ukaota ngozi juu. "Stefano alisema Mwanza," akasema mwishowe. Kisha: "Nenda Kibondo ukaulize vizuri. Mimi nikiwaona wale watu ulimi unanifia, naitikia tu. Uliza wewe. Na usirudi na habari za Mungu yupo. Hizo ninazo."

Jirani alikuwa na ndugu anayeendesha lori la mahindi ya wakimbizi. Nikaketi juu ya magunia na daftari la shule nililoandika maswali, nikafika Kibondo nimebadilika rangi kwa vumbi. Daktari alinipokea akidhani nimefuata dawa. Nilipomweleza, akaanza kugonga kalamu mezani.

"Nilishazungumza na mzee wenu."

"Ulizungumza na kaka yake, Daktari. Koo ni la baba."

Kalamu ikasimama. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na yeye mwenyewe ndiye amekutuma?"

"Ndiyo. Amesema nisirudi na habari za Mungu yupo."

Alikaribia kucheka. Akainuka, akafunga mlango, akakaa upande wangu wa meza. Nikauliza la kwanza: uvimbe unaweza kutolewa? Akaanza kuzungumzia hali ya mgonjwa na namna kila mwili ulivyo, nikamwambia nisamehe, Daktari, nataka ndiyo au hapana, niandike. "Hapana," akasema. Nikaandika. Mwanza, au Dar es Salaam? Mionzi ipo Dar, akasema, lakini kwa hali aliyonayo safari yenyewe inaweza kummaliza, na akifika itampunguzia kidogo tu. Nikaandika. Mpira ni nini? Akanichorea kwenye daftari langu tumbo la mtu, tundu dogo, bomba, uji mwepesi unaomiminwa. Unawekwa hapa hapa Kibondo, akarudi nyumbani, akalishwa na ndugu. Kisha nikauliza amebakiza muda gani, na hapo akarudi kwenye inategemea. Inategemea hiki, inategemea kile. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na hasira ikanisaidia.

"Tumepanda maharage wiki iliyopita," nikamwambia. "Atayaona?"

"Maharage yenu huchukua muda gani?"

"Miezi mitatu."

Akatazama dirishani. "Bila mpira, hapana. Akiwekewa mpira, huenda akayaona yakivunwa. Kuyala kwa mdomo, hapana." Akangoja nimalize kuandika. Halafu akasema, "Nisomee." Nikamsomea. "Hapo kwenye huenda, piga mstari chini," akasema. "Asije akadhani nimeahidi." Nikapiga mstari, nao ukakata neno lenyewe.

Nyumbani baba alimwita mama chumbani, akafunga mlango, akaniambia soma. Nilisoma nikiwa nimesimama, kama darasani. Kila jibu akaitikia ego, si kwa woga wa mkubwa safari hii, bali taratibu, kama anayehesabu mbao. Mama alitoa sauti moja tu, nilipofika kwenye maharage, kisha akajiziba mdomo kwa khanga. Nilitegemea baba aulize kuhusu maumivu, kuhusu tundu, kuhusu nani atamlisha. Akauliza, "Huo mpira, ladha nitaisikia?"

Nikatazama daftari kana kwamba jibu lingekuwepo. "Sikuuliza."

"Kaulize."

"Yeremia," mama akasema, "mtoto arudi Kibondo kwa ajili ya ladha?"

"Anayelishwa ni mimi," baba akasema.

Nikarudi. Siku tatu baadaye, magunia yale yale. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, nikakaa kwenye benchi hadi saa tisa alasiri, mhudumu akanigawia nusu ya ndizi yake ya kuchoma. Alipotoka na kuniona uso ukambadilika; alidhani baba amekufa. Nikamwambia hapana, kuna swali moja limebaki. Alisikiliza, akavua miwani. "Wagonjwa wote niliowawekea," akasema, "hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Kisha akanijibu bila kuzungusha. Chakula kinaingia tumboni moja kwa moja, ulimi hauguswi. Hatasikia kitu, si chumvi, si utamu. Kama anataka, anaweza kuweka kitu kidogo mdomoni, akaonja, akatema, hakimdhuru. Akaniambia niandike, nikaandika. Akaniambia nisome, nikasoma.

Kwenye lori nikaamua kudanganya. Nasema wazi kwa sababu watoto wangu wananiona mtu wa kweli, na mimi si hivyo. Nilimtaka baba hai. Nilijua akisikia hapana atakataa, na akikataa maharage hatayaona, kwa hiyo nilitunga sentensi nzuri: daktari amesema ladha inapanda yenyewe kutoka tumboni, kidogo kidogo, mtu anazoea. Nikaikariri kutoka Kibondo hadi Kasulu mjini, na kutoka mjini hadi Heru Juu kwa miguu nikaisema kwa sauti, na nilipofika mlangoni ilikuwa imenikaa kinywani kabisa. Nikamwelewa baba mkubwa njia nzima bila kujijua. Baba alikuwa ameketi kitandani, koti mabegani. Hakuniuliza wamesemaje. Alisema, "Soma," na daftari lilikuwa na mwandiko wangu, na maneno ya daktari, na mimi sijawahi kuweza kusoma kitu ambacho hakijaandikwa. Nikasoma: hatasikia kitu, si chumvi, si utamu. Baba akaitikia ego. Kisha akasema mpira huo wamwekee mtu mwingine.

Nilikuwa nimehangaikia majibu yale ili yamsaidie kuishi. Hadi siku ile haikuwa imeniingia akilini kwamba mtu anaweza kupewa jibu la wazi akalitumia kusema hapana. Nikampigia kelele baba yangu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani. Nilimwambia atakufa. Nilimwambia ni ubishi, nilimwambia mama atabaki na nani, na uani nikasikia sufuria likimponyoka Ester, maana neno kufa lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye ua ule na mtoto akimwambia mzazi. Baba akangoja nimalize. "Nimesikia," akasema. "Si ndiyo umenisomea? Nimeelewa kila neno, Skola. Mara ya kwanza tangu niugue mtu ameniambia kitu nikakielewa."

Habari zikamfikia baba mkubwa, akaja jioni hiyo, jua bado lipo. Hakuingia. Alisimama uani, kofia kichwani, akaniambia mbele ya wote kwamba nimemwua mdogo wake kwa ulimi, na hakunisalimia tena, si msibani, si kwenye harusi yangu, hadi alipokufa yeye. Baba aliishi wiki saba. Mara nyingi nimejiuliza kama ningesema ule uongo wangu angekubali mpira, angepata miezi miwili zaidi, mitatu, na kama angenishukuru au angenilaani siku uji wa kwanza ungepita bila ladha. Sijui. Watu wakiniambia nilifanya vizuri, nanyamaza, kwa sababu hawakuwepo.

Lakini asubuhi moja nilikuwepo mimi. Ilikuwa wiki ya tano. Baba alikuwa amebaki mifupa na macho, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu alitaka kusikia migomba. Akaniuliza, "Daktari alisema kuonja hakudhuru?" Nikamwambia kuonja na kutema. "Basi niletee asali. Yenye masega." Nikaipata kwa jirani, kipande kimoja kwenye bakuli la bati. Nikakohoa mlangoni, nikaingia, nikaiweka juu ya kigoda, nikageuka kutoka. Mwili ulijua kazi yake.

"Usitoke," akasema. "Mkono hauna nguvu."

Nikarudi, nikapiga magoti kando ya kitanda. Baba akafungua mdomo. Niliona ulimi mweupe, uliokauka, niliona pengo la magego mawili ambalo sikuwahi kujua analo, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa kadi, kwa kuku, kwa yote. Nikachovya kidole, nikampaka asali kwenye ulimi, nikamwekea na kipande cha sega. Akafumba macho. Taya likaanza kwenda, polepole, na nta ikasikika ikivunjika kati ya meno. Baba yangu alikuwa anatafuna mbele yangu.

Mlango ukafunguliwa. Ester alikuwa ameleta maji ya kumnawisha, na hakukohoa, kwa sababu hakujua kama kuna kitu cha kukohoea. Chakula cha kutafuna kilikuwa hakiingii tena mle ndani. Alituona. Akaweka beseni chini, maji yakaruka sakafuni, akaanguka magotini, akajifunika uso wote kwa khanga, akaanza kurudi nyuma hivyo hivyo kwa magoti. Mimi mkono ulikwenda wenyewe kumziba baba mdomo. Akausogeza. Akamaliza kutafuna bila haraka, akatema nta kwenye bakuli, akapangusa midomo kwa mgongo wa kiganja.

"Mukazana," akasema, hivyo ndivyo tunavyomwita mke wa mwana. "Usikimbie. Funua uso, uingie, unione nikila."

Ester hakusogea. Nilisikia pumzi yake ndani ya khanga. Baba akamngoja, kichwa kimeegemea ukuta, mpaka akaishusha khanga taratibu, kwanza macho, kisha uso wote. Basi baba akafungua mdomo tena, na mimi nikachovya kidole.